Manatii na Nguva Huishi Miaka Mingapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayojirudia kuhusu umri wa manatii wa Amerika na Afrika Magharibi, pamoja na nguva wa bahari yetu, ambaye ni ndugu yao. Kuna jambo litakalojitokeza katika majibu mengi: wanyama hawa wameumbwa kuishi miaka sitini na zaidi, lakini wengi hufa wangali na miongo mbele yao, na mkono wa binadamu umo katika vifo hivyo. Kwa hiyo kila ukikutana na namba, uliza kwanza ni ya mnyama yupi na aliishi wapi.

## Mambo ya msingi

Manatii ni nani, na nguva ni nani?

Wote wawili ni mamalia wa majini wanaokula majani, wanaonyonyesha watoto wao na kupumua hewa kama sisi. Si samaki. Ndugu zao wa karibu walio hai nchi kavu ni tembo na pimbi.

Ukitaka kuwatofautisha, tazama mkia. Mkia wa manatii ni mpana na wa mviringo, wa nguva umegawanyika katikati kama wa pomboo. Manatii wako wa spishi tatu: wa Karibi (ndimo wamo wale wa Florida), wa mto Amazon, na wa Afrika Magharibi. Nguva yuko wa spishi moja tu, naye anaishi kuanzia pwani ya Afrika Mashariki na Bahari ya Shamu, kupita Ghuba ya Uajemi, India na Asia ya Kusini-Mashariki, hadi Australia na visiwa vya Pasifiki ya magharibi. Manatii huingia mitoni na kukaa katika maji matamu bila shida, ilhali nguva ni wa bahari maisha yake yote.

Kwa kifupi, wanaishi miaka mingapi?

Manatii wa Florida aliyeepuka ajali anaweza kufika miaka 50 hadi 60 baharini. Katika waliopimwa umri kitaalamu baada ya kufa, utafiti uliochapishwa miaka ya 1990 ulimkuta mmoja aliyefikisha miaka 59. Aliyefugwa akaishi kuliko wote wanaojulikana, Snooty, alifika miaka 69, na hata yeye hakufa kwa uzee (tazama sehemu ya wanaofugwa).

Nguva naye anaweza kupita miaka 70. Umri mkubwa kuliko wote uliowahi kukadiriwa kwa nguva ni miaka 73.

Mbona kila mahali wanataja idadi tofauti: 30, 40, 60?

Kwa sababu watu wanajibu maswali mawili tofauti kana kwamba ni moja. La kwanza ni upeo: mwili wa mnyama huyu unaweza kufika wapi? La pili ni wastani: manatii aliyezaliwa leo, katika maji yenye boti, baridi na sumu, atafika wapi? Jibu la kwanza ni miaka 60 hadi 70. La pili liko chini sana ya hapo, tena linabadilika kutoka eneo hadi eneo na mwaka hadi mwaka.

Hebu tuone hesabu yenyewe. Tuseme kati ya manatii wazima 100, kila mwaka wanavuka salama 96. Baada ya miaka 20 watabaki 44, na baada ya miaka 40 watabaki 19 au 20. Sasa shusha idadi ya wanaovuka iwe 90 katika kila 100. Baada ya miaka 20 watabaki 12 tu. Tofauti ya vifo sita kwa mwaka, ambayo mtu angeiona ndogo, inatosha kufuta karibu kizazi kizima cha wazee. Ndiyo maana idadi ya wazima wanaokufa kila mwaka huwashughulisha wataalamu kuliko rekodi ya mnyama mmoja aliyeishi sana.

Ukilinganisha na wanyama wengine, je, huo ni umri mrefu?

Ni mrefu. Uko karibu na wa tembo, anayeweza kufika miaka 60 hadi 70. Wapo wanaowapita mbali, kama nyangumi wa Aktiki anayeweza kupita miaka 200. Lakini kwa mnyama asiye na silaha wala mbio, anayekula nyasi mchana kutwa, miaka 60 si haba.

Mwili wake unakwenda polepole. Kiwango chake cha kuunguza chakula ni cha chini sana kwa mnyama wa ukubwa ule. Manatii wa Amazon hutumia sifa hiyo kiangazi, maji yanapokauka na majani kutoweka: anaweza kukaa takriban siku 200 bila kula, akitegemea mafuta ya mwilini.

## Umri unajulikanaje?

Kwa nini manatii hapimwi umri kwa meno kama wanyama wengine?

Kwa sababu meno yake hayakai. Magego ya manatii huota nyuma ya taya na kusogea mbele taratibu, ya mbele yakichakaa yanadondoka, na mengine yanafuata nyuma yake. Hali hii inaendelea maisha yote. Tembo ana mpangilio unaofanana, ila seti zake ni sita tu na zikiisha zimeisha. Manatii hana kikomo hicho. Jino unalolikuta mdomoni mwake linaweza kuwa la juzi tu hata kama mwenyewe ana miaka hamsini.

Badala yake hutumika mfupa wa sikio la ndani. Ni mfupa mgumu sana, na kila mwaka huongezeka tabaka moja, kama pete ndani ya shina la mti. Mtaalamu hukata kipande chembamba, hukitia rangi, kisha huhesabu matabaka kwa hadubini. Ili kuthibitisha kwamba tabaka moja ni mwaka mmoja kweli, watafiti walitumia manatii ambao umri wao ulijulikana, na wengine waliopewa dawa ya tetrasaiklini, ambayo huacha alama katika mfupa unaokua. Tarehe ya dawa ikajulikana, matabaka yaliyofuata yakahesabiwa.

Njia hii ina kasoro moja ya kukumbuka. Manatii akizeeka, mwili wake huanza kumeng'enya na kuujenga upya mfupa ule ule, na matabaka ya zamani hufutika. Hivyo kwa wanyama wazee hesabu hutoa umri wa chini kuliko ule halisi. Inawezekana kabisa kwamba yule wa miaka 59 alikuwa na zaidi.

Na nguva je?

Kwa nguva kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu ana meno mawili ya mbele marefu kama vipusa vidogo, na hayo hayabadilishwi kama magego ya manatii. Yakipasuliwa kwa urefu, huonyesha matabaka ya kila mwaka. Ndivyo ilivyopatikana ile miaka 73.

Kwa kawaida vipusa hivyo hutokeza nje ya ufizi kwa madume waliobalehe, na kwa majike wachache waliozeeka sana. Ukimkuta jike mwenye vipusa vilivyotokeza, umemkuta bibi.

Inawezekana kujua umri wa aliye hai?

Kwa uhakika, ni pale tu anapojulikana tangu utotoni au tangu mwaka alioonekana mara ya kwanza. Florida wana hazina kubwa ya picha za manatii mmoja mmoja, wanaotambuliwa kwa makovu yao. Katika chemchemi ya Blue Spring, ambako maji hubaki na joto lile lile la nyuzi 22 hivi mwaka mzima, manatii hurudi kila msimu wa baridi na watafiti huita majina yao. Madume kama Brutus na Merlin waliandikwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1970 na waliendelea kuonekana miongo kadhaa baadaye. Mtu anayesema manatii wa porini hafiki miaka arobaini ajibiwe kwa hao.

Inahuzunisha kwamba vitambulisho vyenyewe ni majeraha. Manatii asiye na kovu ni vigumu kumtofautisha na mwenzake, lakini wasio na kovu ni wachache mno. Uchunguzi wa mizoga ya wazima Florida ulionyesha kwamba 96 katika kila 100 walikuwa na makovu ya boti, na mmoja kati ya wanne alikuwa na dalili za kugongwa mara kumi au zaidi.

Urefu wa mwili hauwezi kutuambia umri?

Kwa mtoto, ndiyo kwa kiasi. Manatii huzaliwa akiwa na mita 1.2 hivi na kilo 30. Akishakuwa mtu mzima wa mita tatu, urefu haukusaidii tena: mwenye miaka 15 na mwenye miaka 45 wanaweza kulingana.

## Maisha baharini na mitoni

Ni nini kinachowaua manatii wa Florida mapema?

Boti ndizo zinazotajwa kwanza, na ni haki. Takriban moja ya tano hadi robo ya vifo vyote vinavyorekodiwa Florida husababishwa na kugongwa, na kuna miaka ambayo zaidi ya manatii 100 wamekufa hivyo. Watu hudhani ni rafadha tu inayokata. Mara nyingi kinachoua ni kishindo cha mwili wa boti wenyewe: mbavu zinavunjika, mapafu yanatoboka, na kwa nje huoni jeraha kubwa. Ndiyo maana kuweka kinga kwenye rafadha hakutoshi, na sheria za huko husisitiza mwendo mdogo katika maeneo ya manatii.

Vifo vingine husababishwa na baridi (tazama swali linalofuata), mwani wenye sumu, milango ya mabwawa na mifereji inayowabana, na kamba au ndoano walizomeza. Mwani unaoitwa Karenia brevis ukistawi kupita kiasi kwenye ghuba ya Mexico, sumu yake huingia hewani na kwenye nyasi bahari. Mwaka 2013 uliua mamia ya manatii kusini-magharibi mwa Florida.

Watoto ndio walio hatarini zaidi. Wengi wanaokutwa wamekufa ni wachanga, na kila mama anayegongwa akiwa na mtoto anayenyonya, mara nyingi huwa ni vifo viwili.

Mnyama mnene hivyo anakufaje kwa baridi?

Unene ule si wa mafuta ya kutunza joto kama wa nyangumi. Sehemu kubwa ni utumbo na majani yaliyomo. Maji yakishuka chini ya nyuzi joto 20 za Selsiasi kwa siku kadhaa, mwili wa manatii hushindwa kazi: anaacha kula, ngozi inapata vidonda, kinga ya mwili inadhoofika, kisha maradhi yanaingia. Msimu wa baridi kali wa 2010 uliua mamia.

Kwa hiyo kila baridi inapoingia wanakimbilia chemchemi za asili au maji ya moto yanayotoka kwenye mitambo ya umeme. Zaidi ya nusu ya manatii wa Florida hutegemea mitambo hiyo, hali inayotia wasiwasi, maana mitambo ya zamani itafungwa siku moja na wanyama wamezoea kurithishana njia ya kwenda pale kutoka kwa mama hadi mtoto.

Ni kweli kwamba mwaka 2021 walikufa kwa njaa?

Ni kweli, na ni jambo zito kuliko yote katika historia ya karibuni ya mnyama huyu. Mwaka huo Florida ilirekodi vifo takriban 1,100, wakati makadirio ya manatii wote wa jimbo hilo katika 2021 na 2022 yalikuwa kati ya 8,350 na 11,730.

Chanzo kilikuwa majani. Katika Indian River Lagoon, hori refu la pwani ya mashariki, mbolea na majitaka ya miaka mingi yalilisha mwani mdogo uliochafua maji hadi mwanga usifike chini. Nyasi bahari zikafa. Manatii waliokusanyika hapo kutafuta joto wakakosa chakula, na kutoka kwenda kwenye baridi hawakuweza. Msimu uliofuata maofisa walichukua hatua isiyo ya kawaida: waliwatupia majani ya saladi karibu na mtambo wa umeme wa Cape Canaveral, zaidi ya tani 90 kwa jumla. Hata hivyo, vifo vya 2022 vilikuwa karibu 800.

Miaka minne tu kabla ya njaa hiyo ya 2021, yaani mwaka 2017, manatii huyu alikuwa ameondolewa katika daraja la walio hatarini kutoweka na kuwekwa daraja la chini yake nchini Marekani. Binafsi naona haraka ile ilikuwa na gharama.

Nguva wa pwani yetu anakabiliwa na nini?

Baridi haimhusu, maji ya Tanzania na Kenya ni ya joto mwaka mzima. Boti za kasi bado ni chache ukilinganisha na Florida. Adui yake ni wavu, hasa jarife, ule wenye macho makubwa unaotegwa usiku kwa ajili ya papa na samaki aina ya taa. Nguva anapita akila, ananaswa, anashindwa kupanda juu kuvuta pumzi, na ndani ya dakika chache amekufa maji. Mvuvi anamkuta asubuhi. Mara nyingi hakumkusudia hata kidogo.

Juu ya hilo kuna uharibifu wa malisho yake. Juya linalokokotwa juu ya nyasi bahari huzing'oa, baruti huua kila kitu, na matope ya mito inayopita kwenye ardhi iliyofyekwa huzifunika.

Waliobaki ni wachache sana. Tanzania, mahali pa kuwatafuta ni kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Kenya ni upande wa Lamu na Kiunga. Kundi pekee la kutegemewa katika ukanda huu liko Msumbiji, kwenye visiwa vya Bazaruto. Desemba 2022, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, kukiwa na wazima wasiofika 250 katika ukanda mzima.

Wanazaa watoto wangapi? Hawawezi kufidia vifo hivyo?

Hawawezi, na hapa ndipo umri mrefu unapokuwa na maana. Manatii jike hukomaa akiwa na miaka mitatu hadi mitano, hubeba mimba ya karibu mwaka mzima, huzaa mmoja (pacha ni nadra), na kumlea mwaka mmoja hadi miwili. Huzaa kila baada ya miaka miwili hadi mitano.

Nguva ni mzito zaidi wa kuzaa. Jike anaweza kuzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sita, lakini wengine husubiri hadi 17 kutegemea malisho. Mimba ni miezi 13 hadi 15, na baina ya mtoto na mtoto hupita miaka mitatu hadi saba. Hata mambo yakienda vizuri kabisa, kundi la nguva haliwezi kuongezeka kwa zaidi ya asilimia tano hivi kwa mwaka. Nguva 100 watakuwa 105, na hiyo ni kwa bahati nzuri. Majike wawili watatu wakinaswa kwenye jarife katika mwaka huo, sehemu kubwa ya nyongeza hiyo imepotea.

Maana yake, jike anahitaji miongo mingi ya uhai ili aache nyuma watoto wachache. Ukimuua akiwa na miaka 15, huenda ameshazaa mmoja tu, au hajazaa kabisa.

Papa na mamba hawawali?

Hutokea, hasa kwa watoto. Nguva huwindwa na papa wakubwa, nyangumi wauaji, na mamba wa maji ya chumvi huko Australia na Asia. Manatii mzima ana maadui wachache sana wa asili.

## Wanaofugwa

Snooty alikuwa nani, na alikufaje?

Snooty alizaliwa Miami tarehe 21 Julai 1948, mama yake akiwa tayari yuko bwawani. Mwaka 1949 alihamishiwa Bradenton, magharibi mwa Florida, akaishi katika jumba la makumbusho la mji huo maisha yake yote yaliyobaki. Vizazi vya watoto wa shule vilimtembelea, wakakua, wakaja tena na wajukuu. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilimtambua kuwa manatii mwenye umri mkubwa kuliko wote wanaofugwa.

Alikufa tarehe 23 Julai 2017, siku mbili baada ya kutimiza miaka 69. Kifuniko cha mlango mdogo wa chini ya maji, unaokwenda kwenye mabomba, kilifunguka. Manatii wadogo aliokuwa nao waliweza kuingia na kutoka. Yeye aliingia, na kwa ukubwa wake hakuweza kugeuka. Alikufa maji. Kwa hiyo hata rekodi hii ya miaka 69 ni ya mnyama aliyekatishwa na ajali.

Je, kufugwa kunawarefushia maisha?

Kunaweza, lakini si kwa kufugwa kwenyewe. Anayefugwa haguswi na boti, maji yake yana joto, chakula hakikosekani na daktari yuko karibu. Ukiziondoa sababu zile zile zilizotajwa juu, hata aliye porini angefika mbali.

Mifano ya walioishi sana si ya Snooty pekee. Romeo na Juliet walichukuliwa wakiwa wadogo mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuishi Miami hadi Desemba 2023, wakiwa wamepita miaka 60, walipohamishiwa Tampa baada ya video ya droni iliyomwonyesha Romeo akizunguka peke yake bwawani kuzusha kilio cha watu wengi. Brazil walikuwa na jike aliyeitwa Xica, aliyekaa miaka mingi kwenye kidimbwi cha uwanja wa mji wa Recife kabla ya kupelekwa kisiwa cha Itamaracá. Alikufa mwaka 2015 akiwa amepita miaka 50.

Majina haya yasitudanganye, maana tunakumbuka walioishi. Katika miongo ya mwanzo watoto wengi waliozaliwa au kuletwa mabwawani walikufa wakiwa wachanga, hasa kwa kukosa maziwa yanayofaa. Na wingi wa miaka hausemi lolote kuhusu ubora wake. Manatii hupenda kugusana na kusafiri, na kumweka mmoja peke yake katika bwawa la duara kwa miaka ni kumnyima alichoumbiwa, hata akila vizuri.

Basi kwa nini wasifugwe na kuzalishwa ili wasiishe?

Marekani hairuhusu manatii kuzalishwa bwawani kwa makusudi. Nafasi zilizopo ni za majeruhi na yatima, nazo hujaa. Tatizo la manatii pia si kwamba hawazai, ni kwamba wanauawa na malisho yao yanaharibiwa. Ukizalisha mia ukawarudisha kwenye maji yasiyo na majani, umewaleta kufa njaa.

Aliyefugwa anaweza kurudishwa baharini?

Aliyeokolewa akiwa mkubwa, akatibiwa miezi au miaka michache, hurudi vizuri. Baadhi hupelekwa hadi majimbo ya mbali kama Ohio kupata nafuu, kisha hurudishwa Florida wakiwa wamefungwa kifaa cha setilaiti karibu na mkia.

Aliyezaliwa bwawani ana kazi ngumu. Hajui chemchemi ya joto iko wapi, na hakuna mama wa kumwonyesha. Wapo waliorudishwa wakakutwa wamekonda au wamepigwa na baridi, wakachukuliwa tena. Snooty, aliyezoea watu tangu utotoni, hakuwahi kuachiwa.

Nguva naye hufugwa?

Kwa nadra mno. Anataka nyasi bahari, tena nyingi kila siku, na si rahisi kumzoesha saladi. Maarufu zaidi ni Serena, jike aliyefika kwenye akwaria ya Toba, Japani, kutoka Ufilipino mwaka 1987, akaishi huko kwa miongo.

Kumlea mchanga ni kugumu zaidi. Mwaka 2019 Thailand ilimpenda Mariam, mtoto yatima aliyepatikana mwezi Aprili na kulishwa maziwa na wahudumu ndani ya bahari yenyewe. Agosti alikufa. Tumboni mwake kulikutwa vipande vya plastiki.

## Maswali ya pembeni

Congo wako manatii? Na Ziwa Tanganyika?

Wako Congo, ila upande wa Atlantiki. Manatii wa Afrika Magharibi anaishi kuanzia Senegal hadi Angola, na hupanda mito mikubwa. Kwa mto Niger anafika hadi Mali. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo yuko kwenye mdomo wa mto, kwenye mikoko ya Muanda, ambako kuna hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1992. Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria hayana manatii.

Huwindwa kwa nyama na kunaswa nyavuni, kwa hiyo yaliyosemwa kuhusu nguva wetu yanamhusu pia.

Walioko Ghuba wanasema nguva huko ni wengi. Kweli?

Kweli. Ghuba ya Uajemi ina kundi la pili kwa ukubwa duniani baada ya Australia, na maji ya Abu Dhabi peke yake yana takriban 3,000. Mwaka 1986 lilionekana kundi moja la zaidi ya 600 karibu na Bahrain. Spishi ni ile ile ya Rufiji na Lamu. Hatari nazo zinafanana: nyavu, na ujenzi unaofukia malisho ya pwani.

Kumlisha manatii au kumpa maji ya bomba si kumsaidia?

La. Florida ni kosa kisheria. Manatii aliyezoea kupewa maji gatini hukaa gatini, zilipo boti. Ile saladi ya 2022 ilikuwa mpango wa dharura wa serikali.

Nimemkuta nguva hai kwenye wavu. Nifanye nini?

Jambo la kwanza ni pumzi. Inua kichwa chake hadi pua ziwe juu ya maji, na umshikilie hapo kabla hujafikiria kingine. Kisha kata wavu, usijaribu kuufungua fundo kwa fundo. Usimvute kwa kamba ya mkiani na usimpandishe chomboni: nje ya maji uzito wake unamlemea. Akishatulia na kupumua mara kadhaa, mwachie. Kama ni jike, tazama kama kuna mtoto anayezunguka karibu, maana hatamwacha mama yake.

Ukifika pwani mweleze afisa uvuvi au viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe) ya kijiji chako. Kenya unaweza kwenda pia kwa ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo. Sheria za nchi zote mbili zinamlinda nguva, lakini mtu anayetoa taarifa ya kumwachia hana sababu ya kuogopa.

Na kama ameshakufa?

Toa taarifa kwa hao hao kabla hajazikwa, na usigawe nyama wala kuuza mafuta au meno: ni kosa. Piga picha za mwili mzima, mkia na mdomo, na pima urefu kwa kamba kuanzia pua hadi katikati ya mkia. Andika mahali na aina ya wavu kama unajua. Kichwa kisitupwe. Kama ilivyoelezwa kwenye swali la meno ya nguva, vile vipusa viwili vikifika kwa mtaalamu vitaonyesha mwaka hadi mwaka aliishi muda gani, na kwa kundi dogo kama la kwetu kila umri mmoja unaojulikana unasaidia kukadiria wangapi wamebaki na kama bado wanazaa.